Chujio la bwawa la kaa wa makombe: lipi ununue, lipi uliache dukani

Kaa wa makombe, wale wanaotembea na nyumba ya konokono mgongoni, wanataka mabwawa mawili: la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na la maji chumvi. Yote yawe na kina cha kumzamisha kaa mkubwa kabisa uliye naye, na kijiti au jiwe la kupandia. Tabu iko kwenye la chumvi. Kaa huingia na mchanga, mabaki ya chakula na kinyesi, na uchafu huo ukioza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao hukaa wameng'ang'ania sponji ya chujio na mawe, na bila hewa hufa. Kwa hiyo dukani usiulize mota ina nguvu kiasi gani. Uliza umeme ukikatika itakuwaje.

Ya kwanza kwangu, tena kwa mbali, ni sponji ya kuendeshwa na pampu ya hewa. Ni ya bei nafuu, haina kitu cha kumvuta kaa mguu, na pampu zake zipo hata za betri, zile za wavuvi wanaoweka chambo hai. Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa gizani karibu miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa kwa nini nasema betri. Nunua pamoja na vali ndogo ya kuzuia maji kurudi. Bila vali, pampu ikizimika ikiwa chini ya usawa wa bwawa, maji hurudi kwa mpira mpaka ndani ya pampu, na asubuhi unakuta sakafu imelowa chumvi.

Ya pili ni chujio la kuzamishwa lenye mota yake. Linasafisha vizuri bwawa kubwa, lakini mkondo wake ni mkali na tundu lake la kunyonya lazima lifunikwe sponji.

Chujio la kuning'inia ukingoni nililinunua mjini kwa maneno matamu ya muuzaji. Umeme ulikatika usiku, uliporudi maji hayakupanda, mota ikazunguka kavu mpaka ikanuka. Liweke la tatu, kwa mwenye kulala karibu nalo. Chujio la kopo kubwa lenye mipira miwili ni la matangi ya samaki. Kwa beseni la lita sita ni kununua lori la kubebea mkate. Chujio la kufukiwa chini ya changarawe kaa watalifukua wiki ya kwanza.

Chumvi je? Ya mezani hapana, na hata ile ya mashamba ya chumvi ya Pemba, nzuri kwa kukaushia samaki, haifai: maji yakikauka, kalsiamu hutangulia kujitenga na magnesiamu hubaki kwenye maji yanayomwagwa. Chumvi ya pakiti ya matangi ya bahari ni sawa, ila sisi bahari tunayo. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mifereji ya mji, uyachuje kwa kitambaa. Haidromita, kile kipimo cha chumvi ndani ya maji, isome 1.024 hadi 1.026. Bwawa likipungua kwa joto, ongeza maji baridi yasiyo na klorini, kwa sababu chumvi haikauki na maji.

Sponji mpya haina bakteria. Iendeshe wiki nne hadi sita kabla kaa hawajaingia, ukitia kipande kidogo cha kamba wa baharini kioze, na upime mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Mwenzio akiwa na tangi la bahari, muombe sponji yake chafu. Hiyo inashinda chupa yoyote ya bakteria ya dukani. Ukiisafisha, ikamue ndani ya maji chumvi uliyoyatoa bwawani, kamwe si chini ya bomba. Nitrati chujio haliondoi, hivyo ndoo ya kubadilisha maji bado iko kwenye orodha ya manunuzi.

Na kabla hujalipa senti, mtazame vizuri kaa mwenyewe. Kaa mnazi akiwa mdogo naye hubeba kombe. Huyo mrudishe alikotoka, hafugwi.