Giaboksi ipi itahimili? Mwongozo wa kununua kwa wenye injini za Toyota 1JZ na 2JZ, Unguja na Pemba

Mwenye gari akishafunga tabo kubwa, watu humuuliza farasi wangapi. Giaboksi haina habari na farasi. Inachokijua ni toki, yaani nguvu ya kusokota inayopita kwenye shafti zake. Injini ya farasi 500 inayowatoa farasi hao kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika inaisokota shafti kwa Nm (nyutoni-mita) 540 hivi. Nyengine ya farasi hao hao 500, lakini inayowatoa kwenye mizunguko 5,000, inasokota kwa Nm 702. Ya kwanza giaboksi ya kawaida itaivumilia, ya pili itaimaliza. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha farasi kwa 7,024, kisha gawa kwa mizunguko. Lakini toki ya juu kabisa mara nyingi huja kabla ya farasi kufika kileleni, kwa hivyo ukiwa na karatasi ya dino (mashine ya kupimia nguvu ya injini), nunua giaboksi kwa kuangalia mstari wa toki. Kwa kulinganisha, kiwandani 1JZ-GTE (1JZ yenye tabo) ya VVT-i ilitoka na Nm 378 na 2JZ-GTE ya VVT-i ikatoka na Nm 451.

Jambo la pili ni matumizi. Gari ya kuchomoka kwenye mstari inaivunja giaboksi kwa pigo moja: tairi inashika, klachi inaachiwa, jino la gia ya kwanza au ya pili linakatika. Gari ya uwanja wa mbio inaiua taratibu, kwa joto. Dakika 20 mfululizo ziko kwenye gia ya tatu na ya nne, oili inachemka, sinkro (pete zinazosawazisha mwendo wa gia zinapoingia) zinalika, na dereva akikosea kushusha gia anaipa injini mizunguko isiyoitaka. Ukiongeza tairi laini za mbio, mzigo unakuwa mwengine kabisa, hata kama injini hukuigusa.

Jambo la tatu ni letu wenyewe. Visiwani hakuna uwanja wa mbio wa lami. Gari itapanda meli kwenda Bara, na ikivunjika kule itarudi kwa kuvutwa mpaka melini. Ndiyo maana katika mpangilio huu giaboksi yenye uwezo mkubwa zaidi haikushika nafasi ya kwanza. Tumeangalia pia kama inapatikana nzima, kama spea zake zinafika, na kama fundi wa kwetu anaweza kuifungua bila ya kompyuta maalumu.

1. Nissan CD009, gia sita

Hii ndiyo ya kununua kwa mwenye toki kati ya Nm 500 na 800. Imetoka kwenye Nissan 350Z na Infiniti G35, magari yaliyouzwa kwa wingi Marekani na nchi za Ghuba, na kwa hivyo masoko ya spea za mtumba ya Sharjah yanazo. Mfanyabiashara anayekwenda Dubai anaweza kukuletea moja pamoja na mzigo wake. Mwambie namba kamili, CD009, maana matoleo yaliyotangulia yalisifika kwa sinkro dhaifu na hili ndilo lililorekebishwa. Ukiletewa ya 350Z ya miaka ya mwisho yenye injini ya HR, au ya 370Z, ujue silinda ya kusukuma klachi imo ndani ya giaboksi, na ile ya kiwandani ni maarufu kwa kuvuja. Ibadilishe kabla ya kufunga. Kuishusha giaboksi nzima kwa ajili ya kipande kidogo namna ile ni adhabu.

Gia zake zimekaa karibu karibu: 3.794, 2.324, 1.624, 1.271, 1.000 na 0.794. Ukitoka ya tatu kwenda ya nne kwenye mizunguko 7,000 unaangukia karibu 5,480, tabo bado inapuliza. Kwa difu (gia ya ekseli ya nyuma) ya 3.9 na tairi za 255/40R17, gia ya nne inafika kama kilomita 169 kwa saa na ya tano kama 215.

Kasoro yake ni kuifunga. Kofia ya klachi (ganda linalofunika klachi na kuishika giaboksi kwenye injini) imeungana na bodi ya giaboksi, haifunguki kama ya Toyota. Seti za kuiunganisha na JZ ziko za aina mbili: za bamba linalokaa kati ya injini na giaboksi, na zile zinazotaka kofia ya asili ikatwe na kufungwa nyengine. Ukichagua ya kukata, kazi ifanywe kwenye mashine ya kukereza, si kwa grenda, na ndani kuzibwe kwanza ili chembe za aluminiamu zisiingie kwenye beringi. Mkono wa gia unatokea nyuma sana kwa JZX (bodi ya Chaser, Mark II na Cresta), hivyo ununue na seti ya kuusogeza mbele au ukubali kukata sakafu. Meno ya shafti ya kuingilia si ya Toyota: sahani ya klachi iwe ya meno ya Nissan, na beringi ndogo ya mwisho wa kranki ikerezwe au iagizwe ya saizi yake. Yapo pia mambo madogo yanayosahaulika mpaka siku ya mwisho: sensa ya spidi isiyozungumza na saa ya Toyota, na swichi ya taa ya rivasi.

2. Toyota R154, gia tano

Chini ya Nm 500 hivi, na kama unaipata nzima ikiwa na kofia, flaiwili na propela, R154 inaweza kukufaa kuliko CD009. Ndiyo giaboksi ya 1JZ-GTE za manyuo (gia za mkono): Chaser, Mark II na Cresta za Tourer V, Soarer na Supra ya JZA70. Inafunga moja kwa moja na fundi anaifahamu. Tahadhari moja: Supra ya 7M-GTE nayo ilitumia R154, lakini kofia yake haikai kwenye JZ. Muuzaji akisema "R154 ni R154", mwambie akupigie picha ya kofia.

Inaharibikaje? Bamba linaloshikilia beringi katikati ya bodi hupinda chini ya mzigo, shafti zinaachana kidogo, na meno yanaanza kushikana kwenye ncha badala ya katikati. Washa (pete bapa) ya gia ya kwanza nayo hupasuka. Vyote viwili vina mbadala wa chuma imara, na kama giaboksi imeshafunguliwa mezani ni ujinga kuifunga tena na vya zamani. Gia zake (3.251, 1.955, 1.310, 1.000, 0.753) zimeachana zaidi. Ukitoka ya pili kwenda ya tatu kwenye 7,000 unaangukia karibu 4,690, na tabo kubwa hapo inasinzia. Oili ni kama lita 3.

Tatizo la kweli ni kwamba zimeadimika na bei imepanda dunia nzima. Usilipe bei ya R154 nzima kwa R154 inayohitaji sinkro.

3. Tremec TKX na T56 Magnum

Hizi ni mpya za dukani, kutoka Marekani. TKX ya gia tano imepimwa kwa Nm 813, na kiwanda kinasema inakubali kubadilishwa gia hadi mizunguko 8,000. T56 Magnum ya gia sita imepimwa kwa Nm 949, lakini ni nzito, kilo 60 hivi, na kwenye mizunguko ya juu mkono wake ni mzito pia. Kwa JZ tungechukua TKX. Zote mbili zinataka kofia ya kununua mbali, na ukijumlisha usafiri na ushuru wa forodha, utaelewa kwa nini ziko nafasi ya tatu. Faida yake ni moja kubwa: hununui uchovu wa mtu mwengine.

4. ZF 8HP, otomatiki ya gia nane

Usicheke otomatiki. 8HP70 imetengenezwa kwa Nm 700 na inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa dereva yeyote. Zimo kwenye BMW nyingi. Lakini kompyuta yake imo ndani ya oili, kwa hivyo unahitaji kompyuta ya pembeni ya kuiamrisha, mtu wa kuipangia programu, na kipoza oili kikubwa. Sampu yake (karai la oili la chini) ni ya plastiki na filta imo humo humo. Ikipigwa na jiwe, oili yote chini. Kama huna mtu wa programu ya karibu, iache.

5. Za mbio tupu: Quaife, Samsonas, Holinger

Sikwensho (giaboksi za kuingiza gia kwa mfuatano) zenye meno ya kugongana badala ya sinkro ni tamu uwanjani. Zinalia kama kinu na zinataka kufunguliwa kwa ratiba, si mpaka ziharibike. Dereva anayeingiza gia kwa upole anayala meno yale kwa haraka. Spea yake moja ikikosekana, msimu umekwisha.

Za kuziacha: W58 ya Toyota, ukishapita Nm 350 hivi. J160 ya Altezza RS200, ina gia sita lakini haikuumbwa kwa tabo. Na V160 ya Supra JZA80, si kwa udhaifu, ni imara sana, bali kwa bei ile unafunga CD009 na kubakiwa na pesa za difu na breki.

Kabla ya kulipa

Giaboksi za mtumba husafiri zikiwa zimemwagwa oili, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Mwambie muuzaji atie nusu lita ya oili, aizungushe, kisha azibe tundu la propela na tundu la kupumulia. Ikifika, fungua plagi ya chini. Unga wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya rangi ya shaba ni sinkro, na vipande vya chuma vyenye umbo la jino humaliza mazungumzo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Shika shafti ya kuingilia uitikise: kucheza kidogo ni sawa, kugonga si sawa. Ingiza kila gia kwa mkono na zungusha, ukisikiliza mkwaruzo unaojirudia mahali pale pale.

Gari ikiwa ilikuja otomatiki, bei ya giaboksi si bei ya kazi. Weka kwenye hesabu pedali, silinda kuu ya klachi na bomba lake, flaiwili, klachi inayobeba toki yako, krosimemba, propela mpya na kompyuta ya injini kuambiwa kwamba sasa ni manyuo.

Wakati wa kufunga

Kinachoua giaboksi za kuunganishwa ni kofia isiyokaa katikati ya kranki. Funga saa ya kupimia kwenye flaiwili, zungusha kranki, soma tundu la kofia: shafti isiachane na kitovu kwa zaidi ya milimita 0.13. Ikizidi, tumia pini za kurekebishia; ukiacha, beringi ya mbele itaanza kulia mapema na utamlaumu muuzaji bure.

Propela ipimwe gari ikiwa imesimama kwa matairi yake, si juu ya jeki. Yoki (ncha ya propela inayoingia kwenye giaboksi) iingie mpaka mwisho, kisha irudi milimita 20 hadi 25. Pembe ya mbele na ya nyuma zilingane, na isizidi digrii tatu. Propela ikikatwa na kuchomelewa ipelekwe kusawazishwa, hata kama inaonekana imenyooka.

CD009 itie 75W-85 ya GL-4. Oili nyingi za difu ni GL-5, na dawa zake zinashambulia shaba ya sinkro, hivyo soma kopo usidanganywe na rangi. Badilisha oili ya kwanza baada ya kilomita 500, uichuje kwenye kitambaa cheupe. Kwa uwanja, weka sensa ya joto. Ikipita digrii 120 rudi upole, na kama inapita kila raundi, funga pampu ya umeme inayokubali oili nzito pamoja na kipoza kwenye bampa ya mbele, si nyuma ya rejeta.