Mafunzo ya uganga wa Washipibo-Conibo: unalipia masharti, si vikombe

Washipibo-Conibo ni kabila la wenyeji wa bonde la mto Ucayali nchini Peru. Vituo vya mafunzo yao, katika mji wa Pucallpa na kando ya ziwa Yarinacocha, hujitangaza kwa idadi ya usiku wa ayahuasca, dawa ya mimea inayonywewa ili kuona maono. Hicho ni kipimo kibovu. Zamani mnywaji alikuwa onanya, yaani mganga, ili aone kinachomsumbua mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakugusa kikombe. Uganga hupatikana kwenye sama: mwanafunzi hutengwa, hushika miiko na kunywa dawa ya mmea mmoja, na mmea huo ndio mwalimu.

Kwa hiyo kagua jiko kwanza. Chakula cha sama ni ndizi mbichi za kuchemsha au kuchoma, wali kidogo na samaki kama boquichico, bila chumvi, sukari, mafuta wala pilipili. Nguruwe, pombe na tendo la ndoa ni mwiko. Kituo chenye jiko moja la wanafunzi na watalii kitakuponza: sufuria iliyokaangiwa vitunguu mchana ndiyo itakayochemshia ndizi zako jioni. Kibanda nacho kiwe cha peke yako, mbali na njia, na simu ibaki ofisini. Kibanda cha watu wanne ni gesti.

Wanaoanza wengi hupewa bobinsana, mti mdogo wa kandokando ya mito, au ajo sacha, wenye harufu ya kitunguu saumu. Mmea mwingine, chiric sanango, si wa wiki ya kwanza. Hutia baridi ya kutetemeka, ganzi na kizunguzungu. Wakikuanzishia toé, mti wenye sumu, ondoka. Ina skopolamini, kemikali inayoweza kuvuruga akili kwa siku kadhaa, na nguvu ya majani hutofautiana mti kwa mti, hivyo kipimo hakiaminiki.

Ayahuasca yenyewe ni mmea wa kutambaa uliopondwa, ukachemshwa kwa saa nyingi pamoja na majani ya mmea mwingine, chacruna. Mmea huo wa kutambaa huzuia kimeng'enya ambacho kingevunja DMT, kemikali ya maono iliyo kwenye majani hayo, kabla haijafika kwenye damu. Kizuizi hichohicho, kikikutana na dawa nyingi za sonona, huweza kuzidisha serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, mwilini hadi kuua. Fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo, hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, na kuiacha ni uamuzi wa daktari wako, si wa karani wa kituo. Wasiokuuliza habari za dawa kabla ya kupokea malipo ya awali, usiwalipe.

Ikaro, nyimbo za tiba, ndizo zana za kazi. Wengine hugawa karatasi zenye maneno. Zinasaidia kuzoesha ulimi Kishipibo, lakini onanya husema wimbo hutoka kwa mmea; aliyekariri ni mwanakwaya.

Kasoro kubwa ya vifurushi vya siku 14 iko mwishoni. Sama hufungwa kwa wimbo, kisha chumvi hurudishwa kidogo, mara nyingi na limau, kitunguu na pilipili, huku mwiko wa nguruwe na tendo la ndoa ukiendelea kwa wiki kadhaa. Vifurushi vingi hukufungia jioni, asubuhi uko kwenye ndege ya Lima. Afadhali siku 10 za miiko na nne za kutoka taratibu.

Cheti wanachokupa kitundike ukutani. Onanya hukamilisha sama moja baada ya nyingine kwa miaka, na meraya, ngazi ya juu yake, ni wachache mno.

Alama: jiko la peke yake na siku za kutoka, nne kati ya tano. Bila hivyo, moja, ya mandhari ya ziwa.