Waya wa ethi au vihami viwili?

Vifaa vya umeme hupangwa kwa madaraja kulingana na jinsi vinavyokukinga usipigwe na umeme. Kifaa cha Daraja la I kina kihami cha msingi pamoja na bodi ya chuma iliyofungwa kwenye ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Waya wa moto ukigusa bodi, mkondo mkubwa unakimbilia ardhini na fyuzi inakatika. Daraja la II halina ethi ya kinga. Linategemea kihami maradufu au kilichoimarishwa, na alama yake ni mraba ndani ya mraba.

Kiusalama yote mawili yanakubalika. Ugomvi unaanza kwenye kelele za umeme, yaani mawimbi yasiyotakiwa yanayovuruga vifaa vingine. Daraja la I linakupa mahali pa kuzimwaga: kapasita za Y (aina salama ya kuunganisha umeme mkubwa na ethi au pato) kutoka laini hadi ethi, na kipimo cha kelele zinazopita kwenye nyaya, kHz 150 hadi MHz 30, kinatulia. Kwenye Daraja la II hakuna pa kumwaga, hivyo wengi huweka kapasita ya Y kati ya upande wa umeme mkubwa na ule wa pato. Piga hesabu: nF 2.2 kwa volti 230, Hz 50, inapitisha takriban mA 0.16. Hiyo ndiyo mtekenyo unaousikia ukipapasa mgongo wa kompyuta ya chuma inayochaji. Ukiongeza kapasita, kelele zinapungua, mtekenyo unazidi.

Kwa bodi ya chuma yenye mota, mimi nachagua Daraja la I bila kusita, ila soketi isiyo na ethi hulivua kinga yake kimyakimya. Chaja ndogo ya plastiki? Daraja la II, na transfoma yenye shildi nzuri (tabaka la chuma la kuzuia kelele) kabla ya kukimbilia kapasita.