Saizi ya tairi kwa Prado ya kila siku Arusha: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Prado za 1996 hadi 2002 bado ni nyingi sana Arusha, na wenye nazo wengi wanazitumia namna moja. Katikati ya wiki ni Njiro kwenda mjini na kurudi, kupeleka watoto shule, kukaa kwenye foleni. Mwisho wa wiki ni shamba Monduli, Mererani, au kupita Engaruka hadi Ziwa Natron. Kashata zikiisha, swali dukani ni lile lile: nirudishe saizi iliyokuwepo au nipandishe?

Naona wengi wanapandisha bila sababu. Kinacholisaidia gari hili kwenye rafu rodi kwanza ni aina ya kashata na uimara wa ubavu wa tairi. Saizi inafuata baadaye, na kila ukiiongeza kuna kitu unakilipia kila siku kwenye lami.

Hesabu zote hapa ni za rimu ya inchi 16 na tairi la kiwandani 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu. Ukipiga hesabu, tairi hili lina kimo cha milimita 777 kutoka chini hadi juu.

1. 265/70R16, kashata za A/T

Hii ndiyo ya kwanza, na simaanishi kwa mtu mwenye bajeti ndogo tu. Spidomita inabaki kama ilivyotoka kiwandani, gia na breki zinafanya kazi kama zilivyopangwa, ukikata usukani tairi haligusi popote, na ukipasukiwa Karatu una nafasi kubwa ya kulipata kuliko saizi nyingine zote hapa chini.

Angalia herufi ubavuni. H/T ni la lami, na mvua za masika zikianza halishiki barabara ya udongo. M/T ni la tope: kashata zake zimeachana, zinajisafisha zenyewe, lakini linavuma masikioni njia nzima ya Moshi, na lami ikilowa gari linachelewa kusimama. Anayeendesha lami siku tano kwa wiki na watoto nyuma, simshauri M/T. A/T linakaa katikati, na kwa njia zetu nyingi linatosha.

2. 265/75R16

Upana ni ule ule, ubavu umerefuka, kimo kinafika milimita 804. Wengi wanadhani gari litapanda kwa tofauti yote hiyo. Hapana, linapanda nusu yake, yaani milimita 13 chini ya difu. Ni sentimita moja na kidogo. Faida kubwa zaidi ni ubavu wenyewe: ukipunguza upepo kidogo kwenye mawe, una mpira mwingi zaidi wa kumeza pigo kabla rimu haijagonga.

Gharama yake? Spidomita inasoma pungufu kwa asilimia 3 na nusu hivi. Kwa kuwa spidomita nyingi za kiwandani huzidisha kidogo, mara nyingi tofauti hiyo inamezwa, lakini kwenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa usiishi ukingoni, tochi haisomi dashibodi yako. Injini nayo inahisi. Ya petroli ya 2.7, ambayo tayari imepungukiwa hewa kwa kimo cha mita 1,400 cha Arusha, itadai gia ya chini mapema zaidi kwenye mlima wa Mto wa Mbu. Ya dizeli yenye tabo inavumilia vizuri.

Saizi hii mara nyingi huja ikiwa na herufi LT mbele. Maana yake limejengwa kwa mizigo: unaweza kukuta namba ya uzito 123, yaani kilo 1,550 kwa tairi moja, wakati la kawaida la 265/70R16 huwa na 112, kilo 1,120. Ubavu wa LT ni mgumu na unastahimili mawe makali ya njia ya Natron. Ila ni zito, na ukiwa na gari tupu mjini utahisi kila tuta.

3. 235/85R16

Refu na jembamba, milimita 806, sura yake inakaribia 7.50R16 tuliyoizoea kwenye Land Cruiser mkonga. Ningependa watu wengi zaidi wa hapa walifikirie. Kwenye tope jepesi lenye udongo mgumu chini yake, linakata na kushika huku pana likielea na kuteleza. Ubavu wake hautokezi sana kukutana na jiwe la pembeni. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya lami tu: mguso wake ni mdogo, na mvua ikinyesha breki ya ghafla hailipendi. Kama gari lako linabeba mizigo ya shamba kila wiki, tairi hili lihesabu kuwa la pili kwenye orodha.

Udongo mweusi wa mbugani ni habari nyingine. Ukilowa unajaza kashata zote na tairi linageuka kipara, liwe pana au jembamba. Hapo subiri jua.

4. 285/75R16

Linapendeza, nakubali. Lakini kimo chake ni milimita 834, na ili upate hizo milimita 28 chini ya difu unabeba mengi. Rimu ya kiwandani ya inchi 7 ni nyembamba kwake, linahitaji kuanzia 7.5. Bila kuinua springi litasugua madigadi. Spidomita inakosea kwa zaidi ya asilimia 7, na ukisafiri kilomita 100 gari litaandika 93 hivi, kwa hiyo hata hesabu yako ya mafuta itaharibika. Breki zile zile zinasimamisha tairi zito zaidi. Spea nayo inaning'inia kwenye bawaba za mlango wa nyuma ambazo tayari zina umri mkubwa. Kwa gari la kila siku, liache.

Rimu za inchi 20 zenye tairi la ubavu mfupi sizipangi kabisa.

Ukifika dukani

Nunua matano. Prado hizi huendesha magurudumu yote manne muda wote kupitia difu ya katikati, na spea ya saizi tofauti inailazimisha difu hiyo kuzunguka bila kupumzika. Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa miaka juani mbele ya duka lina kashata nzima na mpira uliokakamaa, kwa hiyo angalia kwa karibu mifereji, uone kama kuna nyufa nyembamba kama za nywele.

Ukiamua kupandisha saizi, mwambie fundi afunge moja tu mbele kwanza. Kata usukani wote kushoto, kisha kulia, gurudumu hilo likiwa limepandishwa kwenye ukingo wa barabara ili springi ibane. Pitisha vidole kati ya tairi na madigadi, halafu kati ya tairi na chesisi kwa ndani. Visipopita, usilipie mengine.

Balansi na alaimenti zifanyike siku hiyo hiyo, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.