Miezi mitatu na FreeCAD: mkono wa kiti ulionitoa jasho

Niseme mapema tusipotezeane muda. Kama unataka kuchora kabati, meza au chochote chenye pembe, FreeCAD, programu ya kuchora vitu vya 3D kwenye kompyuta, utaizoea ndani ya wiki moja. Ukitaka kuchora kitu kilichopinda, jiandae kuaibika kidogo. Mimi nimeaibika.

Nafanya kazi Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana ya mjomba wangu, fundi wa sofa na viti vya mninga. Alipata oda ya viti 12 vya mkahawa, na mteja akataka ile mikono inayoshuka kama shingo ya bata halafu inanenepa mwishoni, pale kiganja kinapotulia. Hiyo ni mikono 24, yote ifanane. Kwa tupa na msasa unaweza, ila mgongo utakusimulia. Jirani yetu ana mashine ya CNC, ile inayokata mbao kwa kufuata mchoro wa kompyuta, akakubali kuikata, lakini akataka faili. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa najifanya naijua kompyuta, kazi ikaniangukia.

Nilichagua FreeCAD kwa sababu ni bure kabisa, si bure ya siku 30 halafu unadaiwa kadi ya benki. Inakaa ndani ya laptopu, kwa hiyo bando likiisha kazi inaendelea. Nilishusha toleo la 1.0, lile la Novemba 2024. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM ya GB 8, na imelimudu vizuri tu. Kabla ya hapo niliwahi kulipia kozi ya wiki mbili kwenye kituo kimoja mjini. Tulichora kuta na milango. Nilipouliza kuhusu vitu vya kupinda, mwalimu akasema hayo nitajifunza mwenyewe mbele ya safari. Basi, safari ndiyo hii.

Jaribio la kwanza nilifanya wanachofanya wageni wote: nikachora boksi, nikaanza kulitengenezea kingo za mviringo kwa fileti, amri ya kuondoa ukali wa kona. Mbao ilikuwa na upana wa mm 40, nikaweka fileti ya 20 kila upande, programu ikagoma na ujumbe usioeleweka. Nikaweka 19.9, ikakubali. Yaani ile 0.1 tu! Mizunguko miwili ilikuwa inagusana katikati na hakukuwa na uso uliobaki. Lakini hata ilipokubali, nilichopata hakikuwa mkono wa kiti. Kilikuwa kipande cha sabuni kilichoogewa na watu wiki nzima.

Nikahamia kwenye splaini, yaani mstari unaojipinda kupitia nukta unazoweka. Nikaingiza picha ya kiti cha mfano, nikaifuatisha kwa nukta, nikabofya wee, zikafika 31. Kwenye skrini mstari ulionekana mzuri sana. Halafu nikawasha kitu ambacho kwangu ndicho chenye thamani kuliko vyote humu: chanuo la mkunjo. Mstari unaota meno kama ya chanuo, na pale unapopinda zaidi meno yanakuwa marefu. Mstari uliotulia, meno yanapanda na kushuka polepole. Wangu ulikuwa kama paa la bati lililopigwa na nazi.

Mjomba akapita nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Wewe, misumari yote hiyo ya nini?"

"Siyo misumari, mjomba. Ni nukta."

Hakujibu. Akaenda kuokota ukanda mwembamba wa plaiwudi, akapiga misumari minne juu ya benchi, akaupitisha ukanda katikati yake, ukajipinda wenyewe, laini. Akaongeza msumari wa tano mahali pabaya makusudi, likatokea tuta. Akarudi kwenye chai yake.

Baadaye nikagundua kwamba neno lenyewe la Kiingereza, spline, lilikuwa jina la ukanda kama huo, waliotumia wachoraji na waunda meli. Hesabu za mikunjo ya kompyuta zilisukumwa sana na watu wa magari Ufaransa, Paul de Casteljau pale Citroën na Pierre Bézier pale Renault, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Nilimsimulia mjomba. Akauliza kama faili limekwisha.

Nilifuta nukta zote, nikabaki na tano. Chanuo likatulia.

Baada ya hapo ikaja lofti, yaani unachora sura ya mkono ukiwa umekatwa sehemu nne, programu inaziunganisha kuwa kitu kimoja. Wa kwanza ulijisokota kama taulo linalokamuliwa, kwa sababu sura moja ilikuwa duara na nyingine ya pande nne. Dawa ni kuchora sura moja, kuinakili, kisha kubadili vipimo tu, ili zote ziwe na vipande sawa vinavyoanzia upande uleule. Mkono wa kushoto hauchorwi, unageuzwa kwa kioo.

Kosa la mwisho ni langu peke yangu. Ili faili la STL liwe jepesi kutuma WhatsApp, niliruhusu sura ipotoke hadi mm 1 kutoka kwenye mchoro halisi. STL haina mkunjo wa kweli, ni pembetatu tupu, na ukizipunguza zinaonekana. Jamaa wa CNC alikata mfano wa paini, akanipigia: "Kaka, hii ndiyo ulichora, au umetuma almasi?" Nikarudisha 0.1, nikampelekea kwa flashi.

Kinachonikera bado ni wingi wa madawati ya kazi, yaani sehemu za programu zenye zana zake kila moja: kitufe kilekile unakikuta sehemu mbili na havifanyi kitu kimoja. Wiki mbili za kwanza kaa kwenye dawati la Part Design tu, kwingine usiguse.

Mfano wa pili ulitoka laini. Mjomba akaupitisha kiganja, akarudia, akasimama karibu na mwisho. "Hapa ongeza milimita mbili." Nikafungua laptopu palepale kwenye vumbi, nikabadilisha namba moja kwenye sura ya tatu, mkono mzima ukajipanga upya mbele yake. Akaniangalia, akaangalia skrini.

"Basi fanya tatu."