Fataki au fashifashi?

Watu wengi huyachanganya maneno haya mawili, na hata vyombo vya habari huita kila kinacholipuka mkesha wa mwaka mpya "fataki". Mimi huyatenganisha kwa swali moja: ni cha sikio au cha jicho?

Fataki ni ya sikio. Ni kikaratasi kilichoviringishwa kwa kubana, ndani mna baruti kidogo, na utambi umechomoza nje. Kazi yote iko kwenye huko kubana. Baruti hiyohiyo ukiiwasha wazi juu ya sahani huwaka tu, fuu, basi. Ikifungiwa, gesi hukosa pa kutokea hadi karatasi ipasuke, na hapo ndipo unaposikia pa! Wachina wa kale walitupa mianzi motoni, nayo ikapasuka kwa sababu kama hiyo, kabla hata baruti haijajulikana. Neno hili lina maana nyingine pia: kile kijaluba kidogo kinachogongwa na nyundo ya bunduki ili kuwasha baruti.

Fashifashi ni ya jicho. Hurushwa juu, hupasuka angani na kumwaga rangi, kila moja ikitokana na metali yake iliyotiwa ndani: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu. Mlio upo, ila si ndio uliowaleta watu.

Kwa hiyo mtoto aliyekurushia kitu miguuni ukaruka, hiyo ni fataki. Kuiita fashifashi ni kuipamba bure.