Gaia au madishi ya redio: nani anaichora vizuri Njia Nyeupe?

Nyoosha kidole, funga jicho moja, kisha jingine: kidole kinahama. Kwa kuhama huko huko, Dunia ikizunguka Jua, ndiko umbali wa nyota hupimwa.

Gaia, chombo cha angani cha Ulaya kilichorushwa 2013 na kuzimwa 2025, kilipima nyota karibu bilioni 2. Kwa wingi hakina mpinzani. Ila kilitegemea mwanga wa kawaida, na vumbi la galaksi yetu, Njia Nyeupe, lilikiziba kama ukungu.

VLBA ni madishi 10 ya Marekani, kutoka Hawaii hadi Visiwa vya Virgin. Hunasa mawimbi ya redio kutoka mawingu ya gesi zinakozaliwa nyota. Vumbi si kitu. Mwaka 2017 yalipima umbali wa eneo lililo ng'ambo ya kitovu cha galaksi, miaka ya nuru 66,000 hivi kutoka kwetu! Kwa kuchora mikono ya galaksi, yaani mikanda yake ya nyota inayojipinda, mimi nipo na madishi.